Skrini Pana na Pembe ya Mwono: Historia Fupi ya Dhana Tatu Zinazochanganywa

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani petu na wafasiri, yapo yanayojibika kwa neno moja, na yapo yasiyojibika mpaka historia ya kitu chenyewe ifuatwe tangu chanzo chake. Swali tunalolijadili katika makala haya ni la aina ya pili. Mfasiri mmoja aliyekuwa akitayarisha maelezo ya Kiswahili ya mchezo wa kompyuta alituletea orodha ya marekebisho ambayo mchezaji huruhusiwa kuyafanya kabla ya kuanza kucheza. Katika orodha hiyo mlikuwa na mistari mitatu iliyofuatana. Wa kwanza ulihusu idadi ya nukta zinazojenga picha. Wa pili ulihusu umbo la skrini. Na wa tatu ulihusu pembe ambayo kwayo mchezaji huitazama dunia ya mchezo. Rasimu aliyoirithi kutoka kwa mtangulizi wake iliipa mistari yote mitatu neno moja, yaani "mwonekano", na kuitofautisha kwa maneno ya kuongezea tu: mwonekano wa picha, mwonekano wa skrini, mwonekano wa mchezo.

Athari yake ni dhahiri. Mchezaji anayetaka kumwona adui aliye ubavuni mwake hatajua aguse mstari upi. Ataongeza idadi ya nukta, kompyuta yake izidiwe na kazi, na adui asionekane vilevile. Mwalimu anayefundisha somo la kompyuta naye atasoma maelezo hayo, na atawaambia wanafunzi kwamba skrini yenye nukta nyingi huonyesha mambo mengi zaidi. Ofisa anayeandika mahitaji ya ununuzi wa skrini za ofisi ataandika sifa moja akikusudia nyingine. Kosa la istilahi huanzia katika mchezo, lakini haliishii humo.

Tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hizi tatu zilizaliwa nyakati mbalimbali, kwa sababu mbalimbali, na kwamba hakuna kanuni ya maumbile inayozifunga pamoja. Kinachozifunga ni uamuzi wa mtengenezaji wa mchezo. Hilo likieleweka, kuzipa majina hakutakuwa kazi ngumu.

Umbo la skrini

Umbo la skrini halikutokana na kompyuta, bali na utepe wa filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani, alitumia utepe wenye upana wa milimita 35, uliotobolewa matundu kandokando. Kila picha ilichukua kimo cha matundu manne, na kwa sababu hiyo upana wa picha ulikuwa kwa kimo chake kama 4 kwa 3. Filamu zilipoanza kutoa sauti, ukanda wa sauti ulichukua sehemu ya nafasi ya picha. Ndipo mwaka 1932 kikawekwa kipimo sanifu cha 1.37 kwa 1, ambacho hakikuwa mbali na kile cha kwanza. Televisheni ilipokuja ilirithi 4 kwa 3.

Televisheni ilipoanza kuwabakiza watazamaji majumbani, wenye majumba ya sinema walitafuta jambo ambalo sanduku la sebuleni lisingeweza kulitoa. Mwaka 1952 ilionyeshwa Cinerama, na mwaka 1953 ikatoka filamu ya The Robe kwa mtindo wa CinemaScope, ambao upana wa picha yake ulizidi mara mbili na nusu ya kimo. Tangu hapo kukawa na maumbo mengi yasiyolingana: ya televisheni, ya filamu za kale, na ya filamu pana za aina kadhaa.

Katika miaka ya 1980, wataalamu waliokuwa wakitafuta umbo la televisheni ya baadaye walikabiliwa na wingi huo. Kerns Powers alichora mistatili ya maumbo yaliyokuwa yakitumika, yote yakiwa na eneo sawa, akaipandanisha juu ya kitovu kimoja. Aliona kwamba mstatili wa takriban 1.77 kwa 1 uliizunguka yote, na mstatili mwingine wa uwiano huohuo ulikaa ndani ya yote. Hapo ndipo penye asili ya 16 kwa 9. Msomaji na aangalie kwa makini jambo hili: umbo ambalo leo limeenea katika televisheni na kompyuta halikupimwa kwa jicho la mchezaji wa michezo ya kompyuta. Lilikuwa suluhu ya wenye filamu na wenye televisheni.

Kwetu Tanzania wengi walikutana na suala hili bila kulitafuta. Uzimaji wa mitambo ya analojia ulipoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na televisheni pana zilipozidi kuingia majumbani, vipindi vilivyorekodiwa kwa 4 kwa 3 vilionyeshwa mara nyingi vikiwa vimenyooshwa mpaka vijaze skrini. Nyuso zilinenepa, na magurudumu ya magari yakawa mayai. Picha ilikuwa pana zaidi, lakini hapakuwa na kitu kipya hata kimoja kilichoonekana ndani yake.

Nukta

Dhana ya pili ni ya kompyuta hasa. Picha ya kompyuta hujengwa kwa nukta zilizopangwa kwa safu, ambazo wataalamu huziita pikseli. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa picha wa VGA, uliokuwa na uwezo wa kuonyesha nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo. Ukigawanya utaona kwamba uwiano wake ni 4 kwa 3 sawasawa, na kila nukta ilikuwa mraba. Lakini mtambo huohuo ulikuwa na namna nyingine iliyopendwa na watunga michezo kwa kuwa ilitoa rangi 256: nukta 320 kwa 200. Ukigawanya hapo utapata 8 kwa 5, ilhali skrini yenyewe ilibaki kuwa 4 kwa 3. Jambo hili liliwezekana kwa sababu nukta hazikuwa miraba tena. Kila nukta ilikuwa na kimo kilichozidi upana wake kwa sehemu moja katika tano. Mchezo wa Doom, uliotoka mwezi Desemba 1993, ulichorwa kwa namna hiyo. Ukionyeshwa leo kwa nukta za mraba bila kurekebishwa, viumbe wake huonekana vifupi kuliko walivyokusudiwa na wachoraji.

Tunajifunza hapa kwamba hata hesabu ya nukta haitoshi kumwambia mtu umbo la picha. Hizo ni dhana mbili, si moja.

Je, nukta nyingi huonyesha eneo kubwa zaidi? Jibu hutegemea aina ya mchezo. Katika michezo iliyochorwa kwa picha bapa, ambayo mchezaji huitazama ardhi kutoka juu, kila nyumba na kila askari alikuwa na idadi maalumu ya nukta. Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999, ulimruhusu mchezaji kuchagua kuanzia 800 kwa 600 hadi 1280 kwa 1024. Hesabu ya kwanza ni nukta 480,000. Ya pili ni nukta 1,310,720. Kwa kuwa nyumba hazikukua, aliyechagua hesabu ya pili aliona ardhi kubwa takriban mara mbili na robo tatu, ila kila kitu kilionekana kidogo zaidi machoni pake. Kinyume chake, StarCraft wa mwaka 1998 ulifungwa katika 640 kwa 480, na kwa hivyo kila mchezaji aliona kiasi kilekile cha ardhi, awe na skrini ya aina gani.

Katika michezo ya pande tatu, ambayo mchezaji huitazama dunia kwa macho ya mhusika, mambo ni tofauti kabisa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na ya 3840 kwa 2160 ina nukta mara nne ya hizo. Zote mbili ni 16 kwa 9. Mchezo mmoja ukionyeshwa katika zote mbili kwa pembe ileile, hakuna jiwe wala mlango utakaoonekana katika moja usionekane katika nyingine. Tofauti ni uangavu wa kingo za vitu na uzito wa kazi ya kompyuta.

Pembe

Dhana ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi. Tumfikirie mtu aliyekaa chumbani akitazama mtaani kupitia dirishani. Akisogea karibu na dirisha huona sehemu kubwa ya mtaa. Akirudi nyuma huona sehemu ndogo. Upana wa dirisha ni umbo la skrini. Usafi wa kioo ni mfano wa nukta. Lakini mahali alipokaa mtazamaji ni jambo la tatu, na ndilo linaloamua pembe. Katika mchezo wa kompyuta, jicho linalotazama si jicho la mchezaji, bali ni jicho la kubuni ambalo mtunga programu huliweka apendapo.

Mchezo wa Quake, uliotoka mwaka 1996, uliliweka jambo hili wazi. Pembe yake ya kawaida ilikuwa nyuzi 90 kwa upana, na mchezaji aliweza kuiandika upya mwenyewe, kuanzia nyuzi 10 hadi 170. Pembe ikiongezwa, vitu vya kando huingia katika picha, lakini vya katikati huwa vidogo na vya pembezoni huvutika. Pembe ikipunguzwa, kitu cha mbali huonekana kikubwa, na ndivyo darubini ya bunduki katika michezo hiyo inavyofanya kazi. Hakuna faida isiyo na gharama.

Pembe ya kubuni ina uhusiano na pembe halisi ya mchezaji, ingawa si lazima zilingane. Skrini ya 16 kwa 9 yenye upana wa sentimita 53, ikiwa sentimita 60 kutoka machoni, huchukua takriban nyuzi 48 za mwono wa mchezaji. Televisheni yenye upana wa sentimita 71, ikitazamwa kutoka mita mbili na nusu, huchukua nyuzi 16 tu. Kwa sababu hiyo michezo iliyotungwa kwa ajili ya televisheni za sebuleni aghalabu ilipewa pembe ndogo, na ilipohamishiwa katika kompyuta ya mezani bila kubadilishwa, baadhi ya wachezaji waliona kama wanatazama kupitia bomba, na wengine walipata kichefuchefu.

Mgogoro wa mwaka 2007

Tangu katikati ya miaka ya 2000 skrini pana za kompyuta zilianza kuenea, kwanza za 16 kwa 10, kisha za 16 kwa 9. Hapo ndipo watunga michezo walipolazimika kujibu swali ambalo awali halikuwasumbua sana: skrini ikibadilika umbo, kitu gani kibaki vilevile?

Tufanye hesabu. Mchezo wenye pembe ya nyuzi 90 kwa upana katika skrini ya 4 kwa 3 una pembe ya takriban nyuzi 74 kwa kimo. Mtungaji akiamua kwamba pembe ya kimo isibadilike, mwenye skrini ya 16 kwa 9 atapata takriban nyuzi 106 kwa upana, na mwenye skrini ya 21 kwa 9 atapata zaidi kidogo ya 120. (Pembe haikui sambamba na upana wa skrini, ndiyo maana 90 haiwi 120 katika 16 kwa 9.) Lakini mtungaji akiamua kwamba pembe ya upana ndiyo isibadilike, mwenye 16 kwa 9 atabaki na nyuzi 90 zilezile kwa upana, na pembe yake ya kimo itashuka hadi takriban nyuzi 59. Aliyenunua skrini pana ataona machache kuliko jirani yake mwenye skrini ya zamani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika BioShock, uliotoka mwezi Agosti 2007. Wachezaji walilinganisha picha, wakagundua kwamba wenye 4 kwa 3 waliona zaidi juu na chini, ilhali wenye skrini pana hawakuona chochote zaidi kandokando. Walilalamika kwamba picha yao imekatwa. Watengenezaji walijibu kwamba mchezo ulitungwa kwa ajili ya skrini pana, na kwamba wenye 4 kwa 3 ndio walioongezewa sehemu za juu na chini, badala ya kuwekewa mikanda myeusi. Baadaye yalitolewa marekebisho yaliyomruhusu mchezaji kuchagua.

Kwa mwanaistilahi mgogoro huu una funzo kubwa. Pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia picha zilezile mbili, wala hapakuwa na aliyesema uongo. Mmoja alitumia kitenzi "kukata", mwingine akatumia "kuongeza", na kila kitenzi kilichukulia kwamba picha mojawapo ndiyo asili na nyingine ni badiliko. Neno lililochaguliwa lilikwisha kutoa hukumu kabla shauri halijasikilizwa.

Usawa wa mashindano

Hukumu ya namna hiyo ina uzito zaidi pale watu wanaposhindana. Katika Overwatch, uliotoka mwaka 2016, mwenye skrini ya 21 kwa 9 aliyejaza skrini yake yote alipata picha iliyopungua juu na chini ikilinganishwa na ya 16 kwa 9. Watengenezaji hawakutaka mtu anunue faida dukani kwa kununua skrini pana. Kwa upande mwingine, wachezaji wengi hodari wa Counter-Strike: Global Offensive wa mwaka 2012 walichagua wenyewe picha ya 4 kwa 3, wakainyoosha ijaze skrini ya 16 kwa 9. Walipoteza nyuzi 16 za kandokando, lakini miili ya wapinzani ilionekana minene kwa theluthi moja zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini wahenga hawakutuambia atazame kwa pembe ipi.

Ikiwa kanuni za mashindano kama hayo zitatafsiriwa kwa Kiswahili, na neno "mwonekano" likabeba dhana zote tatu, mwamuzi hataweza kusema ni jambo gani limekatazwa. Mchezaji aliyeongeza nukta na mchezaji aliyeongeza pembe watakuwa wametenda kosa moja kwa jina, ingawa mmoja wao hakupata faida yoyote ya kuona.

Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kwa umbo la skrini litumike "uwiano wa skrini", na pale panapohitajika ukamilifu, "uwiano wa upana kwa kimo". Tumekutana na "uwiano wa kipengele" katika baadhi ya maelezo ya simu na kompyuta. Hiyo ni tafsiri sisisi iliyofuata maana moja ya neno la kigeni bila kutazama kitu chenyewe. Mstatili hauna vipengele. Una upana na kimo.

Pili, kwa hesabu ya nukta litumike "idadi ya pikseli". Tungalipenda "nukta" kwa kuwa ni neno letu la siku nyingi, na katika kueleza tutaendelea kulitumia. Lakini tayari lina kazi katika uandishi na katika vipimo vya wakati. Tunashauri lisitumike "ubora" kwa dhana hii, kwani picha yenye pikseli chache ilichorwa kwa ubora katika wakati wake. Idadi ya pikseli kwa kila inchi ni jambo jingine tena, nalo liitwe "msongamano wa pikseli".

Tatu, kwa dhana inayopimwa kwa nyuzi litumike "pembe ya mwono", na kila inapotajwa isemwe kama ni ya upana au ya kimo, maana nyuzi 90 pasipo kusema za wapi ni habari nusu. Wapo waliopendekeza "upeo wa macho". Neno hilo ni zuri, lakini kila msafiri wa baharini analijua kuwa ni mahali mbingu na maji vinapokutana, na haifai kulinyang'anya maana yake. Kwa eneo lenyewe linaloonekana, kama katika michezo inayotazama ardhi kutoka juu, litumike "uga wa mwono", kwa kufuata neno "uga" ambalo wanafunzi wa fizikia tayari wanalo.

Nne, kwa namna mbili za kukabili skrini pana, tunapendekeza "kimo thabiti" na "upana thabiti". Majina haya hayasemi nani amekatiwa wala nani ameongezewa. Yanasema tu kitu gani hakibadiliki. Palipo na mikanda myeusi isemwe "mikanda", na picha iliyovutwa isemwe "imenyooshwa".

Mfasiri tuliyemtaja mwanzoni alirudi na orodha yake, akaandika: idadi ya pikseli, uwiano wa skrini, pembe ya mwono. Alituuliza kama mchezaji wa kawaida atayaelewa maneno hayo. Tulimjibu kwamba huenda siku ya kwanza asiyaelewe yote, lakini akigusa mstari mmoja ataona jambo moja likibadilika, na siku ya pili atakuwa amejifunza. Neno moja kwa mambo matatu lisingemfundisha hata siku ya mia.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa kompyuta na wa fizikia, watuletee maoni yao, wakitaja maneno yanayotumika mahali walipo, kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.